Usiulize gari linakimbiaje, uliza litagonga nini

Jumapili ya Formula 1, kwenye baa za Kampala zenye skrini kubwa, ubishi haukosi: mbio zipi ni hatari kuliko zote? Mmoja anataja kilomita 350 kwa saa, mwingine anasema hakuna kama rali, wa tatu anakuja na pikipiki. Wote wanapima kwa mshale wa spidi, ndiyo maana hawamalizi. Spidi yenyewe haimvunji mtu mfupa. Kusimama ghafla ndiko kunakomvunja. Mimi hupima kwa maswali mawili. Dereva akishapoteza gari, ana mita ngapi za kupunguzia mwendo? Na mwisho wa mita hizo kuna nini?

Tuanze na Formula 1. Kwenye kona ya kwanza ya Monza, Italia, gari hushuka kutoka zaidi ya 330 hadi chini ya 90 ndani ya mita 130 hivi. Breki za kaboni huwaka hadi kufikia nyuzi 1,000, na shingo ya dereva hubeba nguvu ya karibu mara tano ya uzito wa kichwa na kofia. Hapo ndipo utamu ulipo kwa anayejua kutazama: nani kathubutu kuchelewa kukanyaga breki kwa mita tano. Akikosea, mara nyingi mbele yake kuna lami pana, changarawe, kisha matairi au ukuta ulioundwa ubonyee. Dereva Romain Grosjean aligonga kizuizi cha chuma Bahrain mwaka 2020 akiwa kwenye kilomita 192 kwa saa. Gari lilikatika vipande viwili likawaka, naye akatoka mwenyewe kabla ya sekunde 30 kwisha, na majeraha ya moto mikononi. Upinde wa titani juu ya kichwa, Halo, uliolazimishwa mwaka 2018, ndio uliomkinga na chuma. Kifaa cha HANS kinachofunga kofia kwenye mabega, kilicholazimishwa mwaka 2003, kiliizuia shingo isichomoke.

Sasa linganisha na dereva Jules Bianchi, Suzuka, Japani, 2014. Mvua, bendera za njano mbili za tahadhari, gari likateleza. Hakugonga ukuta wa kubonyea. Alikwenda chini ya trekta lililokuwa likiondoa gari jingine, na mwaka uliofuata akafariki. Spidi yake ilikuwa ndogo kuliko ya mbio za kawaida. Kilichomuua ni kitu ambacho hakikupaswa kuwa pale.

Ukilishika hilo, mengine hujipanga yenyewe. Mbio za Marekani za mwendo mfupi ulionyooka, wanazoziita drag, zilipunguzwa kwa magari makubwa kutoka mita 402 hadi mita 305 mwaka 2008 baada ya kifo cha Scott Kalitta. Injini zikabaki na ukali wake, ila nafasi ya kusimama ikaongezeka. Daytona, hukohuko Marekani, ambako kona zimeinuliwa nyuzi 31 na magari hukimbia yakikaribia kugusana, dereva Dale Earnhardt alifariki mwaka 2001 kwenye ajali ambayo kwa macho ilionekana ya kawaida. Pembe ya kugonga ukuta ilikuwa mbaya, na HANS hakuwa nayo.

Formula 1 haijaja Afrika tangu Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1993, kwa hiyo niiache hapo. Uganda tunaishi na rali, motokrosi (mbio za pikipiki kwenye udongo) na autokrosi (magari kwenye njia fupi ya udongo), na rali ndiyo inayofunga barabara.

Rali si jambo geni huku. Mwaka 1953 mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally yalianza kama safari ya kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ndiye aliyeyashinda mara tano, ya kwanza mwaka 1973 akiwa na Datsun 240Z. Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999. Susan Muwonge akawa bingwa wa taifa mwaka 2011, akiwaacha wanaume wakila vumbi lake. Pearl of Africa Rally, rali kubwa ya Uganda, huvuta umati mkubwa.

Kwenye murram yetu, barabara ya udongo isiyo na lami, 180 kwa saa ni ya pale iliponyooka, na wastani wa mkondo mzima, yaani kipande cha barabara kinachofungwa na kukimbiwa kwa saa, uko chini sana ya hapo. Mtu wa Formula 1 atacheka. Lakini hebu tazama kando ya barabara: mkalitusi, kichuguu kilichomezwa na nyasi, ukingo wa zege wa kalvati, mtaro wa kina cha goti, ng'ombe, na watu. Nafasi ya kusimama hakuna, na mwisho wake ni kitu kigumu.

Mti ndio mbaya zaidi, hasa ukiingia kwa ubavu. Gari likigonga kwa pua lina karibu mita nzima ya bati ya kukunjika kabla ya kumfikia dereva. Ubavuni, kati ya mlango na kiti, kuna sentimita chache tu. Ndiyo maana viti vya rali vina mabawa pande zote za kichwa, mlango hujazwa povu gumu, na ndani hujengwa kizimba cha mabomba ya chuma yasiyo na mshono. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka bomba kuu lililo nyuma ya vichwa liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Mengine yawe angalau 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2. Fundi anayekuambia bomba la maji litatosha, ondoka kwenye gereji yake.

Kisha kuna murram yenyewe. Ikiwa kavu, juu ya ngozi ngumu hulala vijiwe vya mviringo ambavyo tairi huviringika juu yake. Magari ya mwanzo huvifagia, na wanaofuata hupata mstari safi. Ukitoka nje ya mstari huo kwa upana wa tairi moja, breki inakuwa kama haipo. Mvua ikinyesha robo saa, udongo mwekundu wa juu hugeuka sabuni, na kwa sababu barabara imeinuliwa mgongo katikati ili maji yateremke, gari nalo huteremka mtaroni polepole huku dereva akiwa amekata usukani wote. Hapo upepo wa tairi una maneno yake. Wengi huanzia karibu na paundi 28 hadi 30. Ukipunguza sana, jiwe moja linabana tairi hadi ringi inapinda. Ukizidisha, tairi hudundadunda na kushika ardhi kidogo.

Asiyejua rali hudhani dereva anaona anakokwenda. Haoni. Katikati ya mashamba ya miwa upande wa Lugazi na Jinja kona zote zinafanana, na miwa imesimama juu kuliko gari. Anaendesha kwa masikio. Siku za ukaguzi dereva na mwelekezi, anayekaa kando yake kumsomea njia, hupita kila mkondo mara mbili kwa mwendo wa kawaida: mara ya kwanza dereva anatamka, mwelekezi anaandika, mara ya pili mwelekezi anasoma, wanasahihisha. Kona hupewa namba, mara nyingi 1 kwa iliyokunjamana kabisa na 6 kwa inayopitwa bila kulegeza mafuta. Mstari mmoja wa daftari unaweza kusomeka hivi:

*120, 5 kulia ndefu juu ya kilima, inakaza 3, usikate, kalvati ndani.*

Yaani mita 120 zilizonyooka, kisha kona ya kulia inayoanza kwa upole, inapotea machoni juu ya kilima, halafu inajikunja ghafla, na ukijaribu kufupisha njia kwa ndani unakutana na zege. Neno "inakaza" likichelewa kwa nusu sekunde, kwa spidi ya 150 gari limeshakwenda mita 20. Ajali nyingi zinazolaumiwa breki zilianzia kwenye daftari: kurasa mbili zilizogeuzwa pamoja, au mwelekezi aliyepoteza mahali alipo baada ya kuruka kilima. Dawa ni kusema wazi "nimepotea". Dereva apunguze hadi mwelekezi apate alama asiyoweza kukosea, kama njia panda au daraja, ndipo waanze tena. Kiburi cha kuendelea kwa kubahatisha ndicho kinachojaza magari kwenye mitaro.

Vumbi nalo. Magari huachiwa dakika mbili kati yake, na kusipokuwa na upepo vumbi hubaki limening'inia kati ya kuta za miwa, kwa hiyo waandaaji wenye busara huongeza nafasi. Dereva akisimama mkondoni kwa ajali au hitilafu, kazi ya kwanza ni kuweka pembetatu nyekundu angalau mita 50 nyuma ya gari, kisha kuwaonyesha wanaokuja kibao: kijani cha OK kama wako salama, chekundu cha SOS kama wanahitaji daktari. Anayeonyeshwa chekundu ni lazima asimame.

Niseme la watazamaji bila kuzunguka. Kundi B, magari ya rali yanayokumbukwa kwa ukali wake, lilifutwa baada ya mwaka 1986: kwanza gari liliingia kwenye umati Ureno, kisha dereva Henri Toivonen na mwelekezi wake Sergio Cresto wakafa Corsica. Ukitazama picha za Ureno utaona watu wamesimama barabarani, wakisubiri gari liwapite karibu ndipo waruke. Nasi tunafanya hivyohivyo, tena tukiwa na watoto mabegani. Usisimame upande wa nje wa kona, ndiko gari linakotupwa. Usisimame chini ya usawa wa barabara, wala mbele ya njia ya kutorokea, wala pale linapotua baada ya kuruka. Tafuta kilima, nyuma ya utepe, na usiipe barabara mgongo kwa sababu eti gari la mwisho limeshapita. La mwisho unalolijua wewe huenda si la mwisho kwenye orodha.

Motokrosi, pale Garuga na Busiika, ni hesabu nyingine. Spidi ni ndogo, ardhi ni laini, mti hakuna. Hatari iko juu: pikipiki ya cc 450 ina uzito wa zaidi ya kilo 100, na baada ya kuruka inaweza kukuangukia wewe au mwenzako. Ukitua kabla ya mteremko, mshindo wote unaingia vifundoni na kwenye uti wa mgongo. Ukikata mafuta hewani, pua inazama. Bendera ya njano ikipepea, usiruke, maana nyuma ya kilima kuna mtu chini. Vijana wengi wa boda boda hudhani uzoefu wa Kampala unatosha. Kwa usawa wa mwili, ndiyo. Ila boda huendeshwa umekaa, na motokrosi huendeshwa umesimama, magoti yakibana tangi na viwiko vikiwa juu.

Mambo mawili huharibu pikipiki huku kuliko yote. La kwanza ni chujio la hewa. Lioshe kila baada ya kukimbia, kwa dawa yake na si kwa petroli, maana petroli huyeyusha gundi ya sponji. Likauke kabisa. Lipake mafuta yake hadi rangi ienee kila mahali, kisha libonyeze viganjani, usilikamue kama nguo. Malizia kwa kupaka grisi ukingo unaokaa kwenye boksi. Vumbi likipata mwanya mwembamba tu, linakula ringi za pistoni, na pikipiki inakuwa ngumu kuwaka kabla hujajua kwa nini. La pili ni springi ya nyuma. Pima kutoka ekseli hadi alama kwenye madigadi pikipiki ikiwa juu ya stendi, kisha pima tena mwendeshaji akiwa juu na vifaa vyake vyote. Tofauti iwe karibu milimita 100 hadi 105. Ikizidi, sehemu ya mbele inakuwa nyepesi na haikati kona. Ikipungua, nyuma inarusha mateke.

Ukitaka kuona maswali yangu mawili yakijibiwa vibaya kabisa, tazama TT, mbio za pikipiki za kisiwa cha Isle of Man. Kilomita 60.7 za barabara ya kawaida, kati ya kuta za mawe, nguzo za umeme na milango ya nyumba za watu. Mwaka 2023 Peter Hickman alikuwa na rekodi ya wastani wa kilomita 219 kwa saa. Tangu mwaka 1911 njia hiyo imeua zaidi ya watu 260. MotoGP, mbio kuu za pikipiki za viwanjani, ina pikipiki zenye kasi kubwa zaidi, lakini anayeanguka huteleza juu ya lami na changarawe akiwa na suti ya ngozi yenye mfuko wa hewa, kisha mara nyingi anainuka na kukimbia kuitafuta pikipiki. Huko hatari kubwa ni kubaki katikati ya njia na kugongwa na wa nyuma, kama ilivyomkuta Marco Simoncelli huko Sepang, Malaysia, mwaka 2011.

Anayetaka kuanza hapa nyumbani aanze na autokrosi: njia fupi ya udongo, saa ndiyo mpinzani, na kando hakuna mkalitusi. Akishanogewa akaenda kununua gari kuukuu la rali, asianze na injini. Ainamie sakafu aangalie pale miguu ya kizimba ilipochomelewa, kama bati chini yake halina kutu wala ufa. Atafute tarehe kwenye kitambulisho cha mikanda na cha viti, kwa sababu vyote vina muda wa mwisho wa kutumika, na mkanda uliowahi kubeba ajali kubwa hautumiki tena hata kama unang'aa. Atikise kiti kwa nguvu kuona kama vishikizo vinacheza. Kofia asipewe bure ya zamani. Iliyowahi kuanguka kwa kishindo povu lake la ndani limeshabonyea, na kwa nje huwezi kuona. Injini ya Subaru hupatikana Kisekka, soko la vipuri Kampala.