Kawagoe, mji wa viazi vitamu

Jamani Tokyo nimeiona, lakini iliyoniteka ni Kawagoe, huko mkoa wa Saitama, unapanda treni Ikebukuro, palepale Tokyo, na kama nusu saa hivi ushafika, yaani mimi kwa jam ya jioni kutoka Kampala kwenda Mukono ningekuwa bado niko Banda namsikiliza konda akipiga kelele.

Maduka ya zamani yana kuta nene nyeusi, kumbe mwaka 1893 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji na nyumba zilizopona ni zile za kuta nene za udongo, basi wafanyabiashara wakajenga za aina hiyo hiyo. Kuna na mnara wa kengele, Toki no Kane, unalia mara nne kwa siku, mimi niliusubiri wa saa tisa mchana.

Sasa viazi! Viazi vitamu kila kona, chipsi ndefu, aiskrimu ya zambarau, mpaka bia ya viazi. Mama yangu anapika lumonde, yaani hivyo hivyo viazi vitamu, kila siku na hakuna mtalii hata mmoja amewahi kumpiga picha 😂. Aiskrimu nilikula mbili, na baridi ile, meno yakaniuma mpaka kwenye treni.