Hikaru Mori katunyima usingizi

Jana usiku nilimfungulia mwanangu video za Hikaru Mori, yule Mjapani wa trampolini, ule mchezo wa kuruka sarakasi juu ya kitambaa kinachodunda, tukajikuta hatulali. Mwaka 2019, akiwa na miaka 20, alitwaa ubingwa wa dunia nyumbani kwao Tokyo. Hakuna mwanamke wa Japani aliyewahi kuushinda ule wa mchezaji mmoja mmoja kabla yake. Ikaja Olimpiki ya 2021, Tokyo hiyohiyo, hata fainali hakufika. Niliumia kama vile ni ndugu yangu! Mwaka uliofuata akawa bingwa tena, kule Sofia, Bulgaria. Wengi wanampendea uzuri na tabasamu, sawa, lakini mimi natazama miguu: miruko kumi mfululizo, na muda anaokaa hewani nao una alama zake. Mwanangu akaniuliza, "Mama, huyu haogopi?"