Tazama mdomo wa mtoto wa mbwa kabla ya kusoma herufi zake

Tangu kiangazi kianze simu yangu inajaa picha za watoto wa mbwa. Swali ni lile lile: "Mama, huyu wanasema ni F1, yule F1b, nichukue nani?" Mimi ni msusi hapa Kampemba, Lubumbashi, na nyuma ya saluni nimeweka meza ya kukatia mbwa manyoya. Wengi ninaoletewa ni machotara wa kanishi (poodle), yule mbwa wa manyoya ya kujiviringa, baadhi yao wamepitia mpakani Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini, na wenye mbwa walilipa dola nyingi kwa sababu ya herufi. Naomba mnisikilize kabla ya kulipa.

Herufi zinaeleza ukoo. Kanishi kamili akipandishwa na Labrador, Golden Retriever au Cocker kamili, watoto wao ni F1, kizazi cha kwanza, nusu kwa nusu. F1 akirudishwa kwa kanishi, watoto ni F1b, na kwa wastani robo tatu ya damu yao ni ya kanishi. F1 kwa F1 wanazaa F2. Ndiyo hivyo tu. Hakuna herufi inayosema mbwa ana afya, na muuzaji anayekuambia F1b ni "daraja la juu" anakuuzia maneno.

Kitu ambacho herufi zinaweza kukusaidia kukisia ni manyoya, na hapo ndipo kazi yangu ilipo. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za manyoya ya mbwa inatokana na jeni tatu: moja ya ndevu na nyusi, moja ya urefu, moja ya kujiviringa. Ile ya ndevu ndiyo ninayoitafuta kwanza. Mbwa akiwa na nakala moja tu ya jeni hiyo anaota ndevu, na mbwa wenye ndevu kwa kawaida hawapukutishi sana. Kanishi kamili anampa kila mtoto nakala moja, kwa hiyo F1 wote watakuwa na ndevu, na F1b vilevile. Kwa F2 mambo yanabadilika. Kila mzazi anabeba nakala moja ya ndevu na moja isiyo na ndevu, na kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne anakosa kabisa.

Niliwaona kwa macho yangu kwenye parseli moja ya Bel-Air, watoto wa F2 waliokaribia kuachishwa. Wa kwanza, manyoya ya juu ya pua yalikuwa yameanza kusimama, yanapanda kuelekea katikati ya macho, na kidevu kimechafuka uji. Ndugu yake alikuwa na uso laini unaong'aa, manyoya mafupi yamelala kuanzia puani hadi kwenye paji, na uji haukushika popote. Baba aliyekuja kununua alimpenda huyu wa pili. Ni mbwa mzuri kweli, lakini nyumbani kwa yule baba kuna mtoto anayepiga chafya kila akikaa na mbwa, na walikuwa wameahidiwa manyoya yasiyoanguka. Nilimwambia waziwazi: huyu atapukutisha kwenye kochi lako mwaka mzima, hata kama karatasi yake na ya ndugu yake zinafanana.

Jambo la aleji linahitaji ukweli zaidi. Kinachosumbua watu kiko kwenye mate na kwenye magamba ya ngozi, si manyoya peke yake, kwa hiyo hakuna mbwa asiyeweza kabisa kumletea mtu aleji. Labradoodle wenyewe, machotara wa Labrador na kanishi, walijulikana kwa sababu ya aleji. Mwaka 1989 huko Australia, Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuongoza vipofu, alimpandisha Labrador kwa kanishi ili kumsaidia mama mmoja kipofu wa Hawaii ambaye mume wake hakuvumilia mbwa. Walizaliwa watatu. Sampuli za manyoya na mate zikatumwa Hawaii, na ni mtoto mmoja tu ambaye hakumsumbua yule mume. Wote ni F1, mama mmoja, baba mmoja! Kwa hiyo mpeleke mwenye aleji akakae na mtoto yule yule mnayetaka kumnunua, amshike, alambwe mikono, na arudi tena siku nyingine.

Wanasema pia chotara haugui. Hilo linaniumiza, maana nimeshika mbwa vijana wanaogonga miguu ya meza kwa sababu hawaoni. Kuna ugonjwa wa retina unaoua macho polepole, unaitwa PRA, na aina yake moja inapatikana kwa kanishi, kwa Labrador na kwa Cocker. Wazazi wote wawili wakiibeba, mtoto wa F1 anaweza kuipata kama mbwa wa ukoo safi. Dai majibu ya vipimo vya jeni vya baba na mama. Kwa mbwa wa umbo kubwa uliza picha za eksirei za nyonga za wazazi, kwa wa umbo dogo uliza kama magoti yao yamepimwa. Kitabu cha chanjo kinahitajika, lakini hakichukui nafasi ya vipimo hivyo. Mji huu una Kitivo cha Tiba ya Mifugo pale Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Hatukosi veterineri wa kutusomea karatasi hizo.

Kuhusu tabia nitasema machache. Kanishi alikuwa mbwa wa kuokota bata majini, na Labrador ni mbwa wa kuokota pia. Ukiwachanganya unapata mbwa mwenye akili na nguvu, anayetaka watu. Ukitafuta wa kufungwa mnyororo getini amsaidie sentinele kulinda, mwache huyu.

Na manyoya yenyewe: F1 wengi wana mawimbi, F1b karibu nusu yao wanajiviringa kabisa, na hao ndio wanaofungamana haraka. Kati ya miezi sita na mwaka mmoja manyoya ya utoto yanabadilika, na hapo mavumbi yetu mekundu ya Julai na mbegu za majani zinaingia hadi kwenye ngozi, nyuma ya masikio na kwapani. Chana mpaka chini, siku kwa siku, la sivyo nitalazimika kunyoa yote.

Ukitaka nikuangalizie, nitumie picha tatu zilizopigwa mchana: uso wa mtoto kutoka mbele, uso huo huo kutoka upande, na wazazi wote wawili wakiwa wamesimama. Muuzaji akikataa picha ya baba, niandikie hilo pia.