Ukungu unaoshuka mlimani na ukungu unaoota ukutani

Sisi tuliozaliwa Tukuyu tunatumia neno ukungu kwa mambo mawili bila kujiuliza: ule unaoshuka kutoka Mlima Rungwe asubuhi na kuifunika migomba, na ule unaoota kwenye mkate uliosahauliwa kabatini. Huo wa pili nimeufahamu vizuri nikiwa Leeds, Uingereza, ninakoishi kwa mwaka wa sita sasa, na ninauandikia leo kwa sababu wiki tatu zilizopita umebisha hodi nyumbani kwa mama.

Huku ulianzia kwenye bomba la jirani wa ghorofa ya juu, lililopasuka usiku nikiwa zamu katika nyumba ya kulelea wazee. Niliporudi alfajiri nilikuta dari ya chumba cha kulala ikivuja. Nikakinga maji kwa ndoo, nikapiga deki, nikaanika zulia juu ya viti, kisha nikafunga madirisha yote kwa kuwa ilikuwa Januari na baridi ilikuwa kali. Mwenye nyumba aliahidi kuja siku ileile, akaja baada ya siku kumi na moja. Siku hiyo tuliposogeza kabati tulikuta ubao wake wa nyuma umejaa vitone vyeusi kama ufuta, vikizidi kusongamana kuelekea sakafuni. Kitenge nilichonunua Soko la Mwanjelwa kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu kilikuwa na mabaka ya kijivu kwenye kila mkunjo, na uvundo wake haukutoka hata nilipokifua mara tatu.

Mkaguzi aliyeletwa baadaye alikuwa na kifaa kidogo cha kupima unyevu chenye sindano mbili, akakichoma kwenye ukuta ambao mimi, kwa kuugusa, ningeapa kuwa umekauka, na namba ikapanda hadi kwenye alama nyekundu. Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimekausha sakafu na kuuacha ukuta ukiwa umelowa. Vijimbegu vya kuvu, yaani huo ukungu wa pili, vimo hewani katika kila nyumba, na hakuna anayeweza kuvimaliza. Vinachosubiri ni maji tu. Vikipata unyevu juu ya kitu cha kula, kama karatasi ya jipsamu, mbao, gundi, nguo au hata vumbi, vinaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Ukiona doa, ujue kazi ilishaanza siku nyingi nyuma ya pazia.

Mwaka 2020, mjini Rochdale, mtoto wa miaka 2 aitwaye Awaab Ishak alifariki baada ya kuishi katika nyumba iliyojaa kuvu, na sheria yenye jina lake, iliyoanza kutumika England Oktoba 27, 2025, inawabana wamiliki wa nyumba za kijamii, yaani nyumba za halmashauri na mashirika zinazopangishwa kwa kodi nafuu, kushughulikia unyevu na kuvu ndani ya muda uliowekwa. Kwetu mtoto akikohoa mwezi mzima tunasema ni baridi ya Rungwe, na mara nyingi hatuangalii nyuma ya kitanda chake.

Mdogo wangu alipopiga simu, baada ya shikamoo na habari za ndugu, aliniambia kuwa upepo uliezua bati mbili juu ya chumba cha mama na mvua ikanyesha usiku kucha. Bati zilikuwa zimesharudishwa. Fundi alishauri dari ya jipsamu ipigwe rangi ya mafuta ili madoa yasionekane wageni wa Pasaka watakapofika.

Nilimsihi asikubali. Rangi ya mafuta huyafungia maji ndani, kuvu huendelea kula karatasi ya jipsamu kwa nyuma, na baada ya muda rangi huvimba na kubanduka. Jipsamu iliyolowa ikalainika haina dawa: hukatwa na kutupwa, pamoja na kama sentimita 30 kupita mwisho wa alama ya maji. Godoro lililolowa nalo litolewe, ingawa najua linauma mfukoni. Ukuta wa saruji usuguliwe kwa maji ya sabuni, mtu akiwa amevaa barakoa, wala usikwanguliwe ukiwa mkavu, maana vijimbegu vitatimka chumba kizima. Wengi wanaiamini jiki, lakini kwenye mbao na jipsamu huondoa rangi ya doa na kuacha kilichojificha ndani. Tena isichanganywe kamwe na dawa nyingine za usafi, kwa sababu inaweza kutoa gesi ya sumu. Hata kuvu iliyokufa hukoholesha, hivyo ni lazima iondolewe.

Kazi kubwa kuliko zote ni kukausha, na Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Kufungua madirisha alfajiri, ukungu ukiwa mlangoni, ni kuyakaribisha maji. Yafunguliwe jua linapochomoza mawinguni, ya pande zote mbili ili hewa ipite, na yafungwe kabla ya jioni. Kitanda na kabati visogezwe mbali na ukuta, na magunia ya mahindi yawekwe juu ya chaga. Mama alitaka kukaushia chumba kwa jiko la mkaa, kama tulivyozoea miezi ya Juni na Julai. Hilo nililikataa kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia mbele yake, kwa sababu gesi ya mkaa haina harufu na humuua mtu akiwa usingizini.

Tulikubaliana kwamba rangi isiguswe mpaka ukuta wenyewe useme. Mdogo wangu amebandika kipande cha nailoni ukutani kwa selotepu, kingo zote nne zikiwa zimezibwa, na kila baada ya siku moja anatazama kama pana matone kwa ndani. Jana alinitumia picha: nailoni bado ilikuwa na jasho. Pasaka imepita, wageni walilala sebuleni, na mama bado analala chumba cha wajukuu.