Springi za IBM na mikono yangu

Jamani mi na hizi kibodi za kisasa bapa bapa hatuelewani kabisa, unabonyeza hujui imeingia au haijaingia. Yangu ya moyoni ni IBM Model M, toleo lililoanza 1985, nzito yan kilo mbili na ushee, kila batani chini yake ina springi inayojikunja ghafla ukibonyeza ndo maana inalia TAK TAK nyumba nzima wanajua naandika. Wife keshasema mwisho saa nne usiku na ana haki yake 😂. Haina batani ya Windows wala siimisi, ila waya ni wa PS/2, ile plagi ya duara ya kompyuta za zamani, so lazima adapta ya USB, na zile za bei chee zinagoma maana hii kibodi inakula umeme kuliko za leo.

Shida mikono. Ripoti ikiwa ndefu vifundo vinauma, kibodi iliyonyooka inakulazimisha upinde viganja kwenda nje, so kazi za mchana natumia ile staili ya Microsoft Natural ya 1994, batani zimegawanywa pande mbili na katikati pameinuka. Mwanzoni ni mateso, hasa B, iko kushoto na mi naipigaga na kidole cha kulia.

Ninayoitaka kwakweli ni IBM M15, ya miaka ya 90, springi zilezile afu inaachana vipande viwili, ila walizitengeneza chache na sa hivi bei yake ni hela ya kununulia bodaboda. Mwenye nayo aje inbox, tuongee taratibu.