Kurasa za kitabu cha kumbukumbu zilijikunja: jinsi nilivyotatua

Hatimaye kitabu cha picha cha wanangu kinafungika vizuri. Naandika mzazi mwingine asije akapoteza picha kama sisi.

Tulibandika picha za matembezi ya Karura na tiketi za treni ya Mombasa. Kesho yake kila ukurasa ulikuwa na mawimbi kama bati, na kurasa mbili zimegandana. Kitinda mimba alipozitenganisha, picha ya nyanya yake ikachanika. Alilia sana.

Nilipiga pasi, hali ikazidi. Nikaanika, lakini Julai hapa Nairobi jua ni la kubahatisha. Nikanunua manila nzito, ikasaidia kidogo tu.

Kumbe shida ni ile gundi nyeupe ya chupa. Ina maji mengi. Karatasi huyanywa, hutanuka, kisha husinyaa ikikauka. Tukahamia gundi ya kijiti, ile ya kuzungusha chini.

Bado pembe zilinyanyuka, kwa kuwa watoto walipaka katikati pekee. Sasa tunalaza picha kifudifudi juu ya gazeti kuukuu, tunapaka kutoka katikati hadi gundi ipite ukingo, iguse gazeti. Tukishabandika, tunapangusa kwa kitambaa kikavu, polepole. Na kila picha ina kipande chake kipya cha gazeti! Kile cha zamani ndicho kilichopaka gundi usoni mwa picha, kurasa zikashikana. Mwisho tunalaza kamusi nzito juu ya kitabu usiku kucha.

Jana wamebandika kurasa sita. Zote zimelala bapa.