Jina la Kemp Pembeni mwa Ukurasa

Jana jioni, tulipomaliza mazoezi ya kikundi chetu cha maigizo hapa Mwanza, kijana mmoja alibaki nyuma akaniuliza, "Mwalimu, eti Shakespeare hakuziandika zile tamthilia?" Ameona video. Inasema mtoto wa fundi glavu wa Stratford, mji wa Uingereza, asiyekanyaga chuo kikuu, asingeweza kuyajua mambo ya ikulu; mwandishi wa kweli ni mwinyi mmoja, Edward de Vere wa Oxford.

Mimi ni mtoto wa fundi cherehani. Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere, niliisoma chini ya meza ya baba, nimekalia vipande vya vitambaa. Hoja ya "mtoto wa fundi angewezaje" inaniuma, na naamini ndiyo iliyoubeba mjadala huu wote.

De Vere alifariki 1604. Ukumbi wa Globe wa London, walikoigizia kundi la Shakespeare, uliteketea Juni 29, 1613, ikichezwa tamthilia mpya ya Shakespeare kuhusu Mfalme Henry wa Nane. Hapo kwangu habari ya mwinyi imekwisha.

Lakini kijana nilimfungulia daftari langu. Kwenye onyesho la pili la tamthilia yetu, palipotakiwa kuandikwa "Mkunga", nimeandika jina la mama anayemwigiza. Mara tatu, bila kukusudia, maana nikiandika namsikia yeye. Sasa chukua tamthilia ya Shakespeare, Much Ado About Nothing, ilivyochapwa 1600. Mle kuna mkuu wa sungusungu, Dogberry, na msaidizi wake Verges. Ghafla, katika onyesho moja, pembeni mwa maneno yao panasomeka Kemp na Cowley. Hao ni Will Kemp na Richard Cowley, waigizaji wa kundi lile lile la Shakespeare! Kuteleza kwa namna hiyo ni kwa mtu anayeshinda na waigizaji wake, anayejua kabla ya kuandika nani atasema nini na kwa sauti gani.

Na wosia wa Shakespeare wa 1616 upo. Mtu huyu wa Stratford aliwaachia waigizaji wenzake watatu wa London, Heminges, Burbage na Condell, shilingi 26 na peni 8 kila mmoja, wanunue pete. Mwaka 1623 Burbage alikuwa ameshafariki. Heminges na Condell wakakusanya tamthilia zake 36 zikachapwa katika kitabu kimoja, na mwanzoni wakaandika kwamba wamefanya hivyo ili kumbukumbu ya rafiki na mwenzao isife.